Wa uhasibu hajagusa leja, wa kilimo hajaona mavuno: kasoro ya fildi iko wapi?

1. Mzazi wa Kihonda

Habari zenu wanajukwaa.

Nyumbani kwangu nina vijana wawili: binti yangu, anayesoma stashahada ya uhasibu, na mpwa wangu, anayesoma stashahada ya kilimo katika chuo kingine. Wote wawili wamerudi wiki iliyopita kutoka kwenye mafunzo kwa vitendo, yaani fildi, ya wiki 8, na jana jioni niliwaomba daftari zao za kumbukumbu za kila siku nikazisoma ukurasa kwa ukurasa. Katika siku 40 za kazi, binti ameandika "kupanga mafaili" mara 23. Siku zilizobaki amegonga mihuri, amepeleka barua masijala na amenakili namba za hati za malipo kitabuni. Hakuna siku aliyofanya usuluhishi wa hesabu za benki (kulinganisha daftari la fedha na taarifa ya benki) wala aliyoandaa urari, ile orodha ya salio za akaunti zote. Mpwa, aliyepangiwa ofisi ya kilimo ya kata, amemwagilia bustani ya ofisi, ameorodhesha wakulima wa mbolea ya ruzuku, na shambani amekwenda mara 4 tu. Anasema mahindi yalikuwa yameshavunwa na yamebaki mabua.

Dai langu ni kwamba fildi, kwa fani hizi mbili, imegeuka sharti la kupatia alama na kazi yenyewe haifundishwi. Kasoro iko chuoni, kwa mwajiri, au kwa vijana wenyewe? Mnaonipinga, naomba mnipinge kwa mifano.

2. Hesabu za Mwisho

Ndugu mleta mada, mimi ni mhasibu wa halmashauri kwa mwaka wa 11 sasa, kwa hiyo nitajibu upande wa binti yako.

Mwaka wa fedha wa Serikali unafungwa tarehe 30 Juni. Kuanzia Julai tunaandaa hesabu za mwisho, ambazo lazima zimfikie Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali ndani ya miezi mitatu, maana yake kufikia tarehe 30 Septemba. Sasa tazama wanafunzi wanafika lini. Wanafika katikati ya Julai na wanaondoka Septemba, yaani katika kipindi kile kile ambacho ofisi nzima inalala saa sita usiku ikitafuta tofauti ya salio. Mhasibu aliyebanwa namna hiyo humpa mwanafunzi kazi ambayo akiikosea haitaleta hoja ya ukaguzi, na kazi hiyo ni kupanga mafaili.

Jambo la pili ni mfumo. Malipo yetu yanapita kwenye MUSE, mfumo wa kompyuta wa malipo ya Serikali, na kila mtumishi ana nywila yake ambayo haruhusiwi kumpa mtu mwingine. Zamani mwanafunzi aliweza kukaa na daftari kubwa la fedha akaandika kwa kalamu huku mwenyeji wake akimsahihisha. Leo nikimkalisha mbele ya kompyuta yangu aingize muamala, jina litakalosomeka kwenye mfumo ni langu, na mkaguzi akiuliza nitajibu mimi. Hatuwachukii vijana hawa, ila tumewekewa uzio na hakuna aliyefikiria mlango wa mwanafunzi.

3. Majaruba ya Mbarali

Salaam. Naomba nisahihishe kauli kwamba wa kilimo hajaona mavuno kwa sababu ya majira, kwani inategemea amepelekwa wapi. Kuanzia Julai mpaka Septemba nchi hii ina kazi nyingi mno za shambani. Nyanya za Ilula ziko shambani kwa umwagiliaji, na kanitangaze, yule mdudu mharibifu wa nyanya, anazishambulia vibaya katika kipindi hicho cha ukavu. Vitunguu vya Ruaha Mbuyuni na Mang'ola viko kwenye matuta. Pamba ya kanda ya ziwa inapimwa vituoni. Kahawa ya Kilimanjaro inachumwa. Kule Mtwara na Lindi wanapuliza salfa kwenye mikorosho. Kwetu Mbarali, mkulima aliyechelewa kupandikiza bado anavuna mpunga mwezi Julai.

Mpwa wako alipelekwa kwenye kata ya mahindi ya mvua baada ya mahindi kuvunwa. Kosa hilo ni la aliyempangia, na ramani ya mazao ingetosha kuliepusha.

4. Mhitimu wa Juzi

Wakuu, mnamtafuta mpangaji lakini mara nyingi mpangaji ni mwanafunzi mwenyewe. Nilimaliza shahada ya kilimo mwaka juzi. Chuo kinatoa barua ya utambulisho, kisha mwanafunzi anazunguka kuomba nafasi, na anaiomba mahali ambapo ana shangazi wa kumlaza. Nilitamani kwenda kwenye mashamba ya mbogamboga Arusha, nikaishia ofisi ya wilaya ya nyumbani kwa sababu chumba, chakula na nauli ya miezi miwili vingenishinda. Sisi wa shahada tulio na mkopo wa HESLB, Bodi ya Mikopo, tunapata angalau fedha ya mafunzo kwa vitendo. Wa stashahada wengi hawana. Mwongozo wa kwanza wa mikopo ya stashahada, wa mwaka wa masomo 2023/24, uliweka kilimo na mifugo miongoni mwa fani za kipaumbele, na uhasibu haukuwemo. Kwa hiyo tunapouliza kwa nini kijana hakwenda Ilula, tuulize kwanza angekula nini akiwa Ilula.

5. Binti Tandahimba

Shikamooni wakubwa zangu. Nimesoma yote hapo juu na naona mnazungumza kana kwamba hizi ni fani mbili zinazopishana barabarani, wakati mimi nimeishi kwenye kazi ambayo zinakaa meza moja.

Nilisoma cheti na baadaye stashahada ya uhasibu. Fildi yangu ya kwanza ilikuwa kama ya binti wa Kihonda, mafaili mwanzo hadi mwisho. Ya pili niliiomba kwenye chama cha msingi cha wakulima wa korosho, AMCOS, kwa kuwa nilikosa nafasi kwingine, na karani wake alikuwa mgonjwa. Siku ya tatu nilikabidhiwa vitabu. Niwaeleze kazi yenyewe ilivyo, maana wengi wanaitazama kwa mbali.

Mkulima analeta gunia, linapimwa, linaandikiwa stakabadhi kwa jina lake, uzito na daraja. Mzigo ukijaa unasafirishwa hadi ghala kuu, unapimwa upya, na mwendesha ghala anatoa stakabadhi ya ghala kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2005. Mnada unafanyika, mnunuzi analipa, fedha inashuka mpaka kwenye chama, makato yanaondolewa (usafirishaji, magunia, fedha ya chama, ushuru wa halmashauri wa asilimia 5), na kinachobaki kinaingia kwenye akaunti ya mkulima. Hapo kuna leja ya kila mwanachama, kuna wadaiwa na wadai, kuna usuluhishi wa benki, na kuna mwenye mali amesimama dirishani anasubiri kujua kwa nini amepata pungufu ya jirani yake.

Sasa katika shehena yangu ya kwanza, uzito wa ghala kuu ulikuwa pungufu kwa kilo 180 ukilinganisha na wa kwetu. Nilichofundishwa darasani kiliniambia kuna upotevu, na upotevu una mwizi. Nilikaa usiku kucha nikirudia kujumlisha stakabadhi, na asubuhi nikamwendea mwenyekiti nikitetemeka. Aliyeniokoa ni kijana wa kilimo aliyekuwa fildi hapo hapo, akinitangulia kwa wiki mbili. Aliniuliza mzigo ulikaa siku ngapi kabla ya lori kuja, na korosho zilikuwa na unyevu kiasi gani zilipopokelewa. Akanieleza unyaufu: korosho iliyoanikwa vibaya inaendelea kukauka ndani ya gunia na uzito unashuka bila mkono wa mtu. Tulipokaa pamoja tukatenganisha sehemu iliyoelezeka kwa unyaufu na sehemu isiyoelezeka. Sehemu isiyoelezeka ilikuwepo kweli, tena ilitokana na mzani wetu. Yule kijana naye hakuwahi kujua kwamba kila asilimia ya unyevu aliyokuwa akiipima ina jina la mkulima na shilingi nyuma yake.

Kwa hiyo jibu langu kwa mleta mada ni kwamba tunawapeleka vijana kwenye ofisi za fani zao wakati kazi yenyewe iko mahali ambapo fani zinakutana.

6. Mkaguzi wa Nje

Dada wa Tandahimba, asante kwa mfano wenye uzito. Nina sahihisho moja dogo, ili wanafunzi wanaosoma hapa wasibebe takwimu isiyo sahihi. Ushuru wa mazao wa halmashauri si asilimia 5 tena. Katika bajeti ya mwaka 2017/18 ulishushwa hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara na asilimia 2 kwa mazao ya chakula.

Nakuunga mkono kwenye kukutana kwa fani. Tanzania inatumia viwango vya kimataifa vya uhasibu tangu mwaka 2004, na kimojawapo, kile cha namba 41, kinahusu kilimo peke yake. Kinataka mali hai, kama ng'ombe au zao lililo shambani, ithaminiwe kwa bei ya soko baada ya kuondoa gharama za kuuza. Nimewahi kukagua shamba kubwa la mkonge ambalo mhasibu wake, kijana mwenye shahada nzuri, aliweka mimea yote kwenye kiwango hicho. Mimea inayozaa kwa miaka mingi, kama mkonge, chai na kahawa, ilihamishwa kuanzia tarehe 1 Januari 2016 na sasa inahesabiwa kama mitambo na majengo, ikiwa na uchakavu wake. Jani ambalo bado liko kwenye mkonge ndilo limebaki kuwa mali hai, na likishakatwa linakuwa bidhaa ya ghalani. Nilimwuliza yule kijana mkonge unaishi miaka mingapi kabla haujatoa mlingoti na kufa, akaniambia swali hilo nimwulize bwana shamba. Bila jibu la bwana shamba hawezi kukokotoa uchakavu. Nikamwuliza amewahi kuongea naye mara ngapi tangu aajiriwe, akanyamaza.

7. Hesabu za Mwisho

Mkaguzi, umeniwahi kwenye ile asilimia, nilikuwa naandika hilo hilo. Hata hivyo naomba tusiikimbilie AMCOS kana kwamba ni dawa ya wote. Vyama vingi vya msingi vina karani mmoja tu na vitabu vyake havijakamilika, na wanaosoma taarifa za COASCO, shirika linalokagua vyama vya ushirika, wanajua ninachosema. Mwanafunzi akijifunzia kwenye vitabu vibovu atajifunza ubovu. Binti Tandahimba alibahatika kuwa na mwenyekiti msikivu, mwingine angesingiziwa zile kilo 180 na kurudi chuoni na kesi.

8. Mkufunzi wa Stashahada

Habari wanajukwaa. Ninafundisha uhasibu katika chuo ambacho sitakitaja, na nimesita kuandika kwa sababu lawama nyingi zinatuelekea na baadhi ni za haki.

Msimu uliopita nilipewa wanafunzi 64 wa kuwatembelea katika mikoa 3 ndani ya siku 12. Piga hesabu mwenyewe, ukiondoa siku za safari. Nafika ofisini, namkuta mwanafunzi, nasaini daftari, naongea na msimamizi wake dakika 10, naondoka. Nimeshawahi kumpa alama ya juu mwanafunzi aliyeandika vizuri kazi ambazo nilihisi hakuzifanya, kwa sababu sikuwa na muda wa kuthibitisha wala ushahidi wa kumnyima. Jambo hilo linaniuma mpaka leo.

Nisichokubaliana nacho ni hoja ya nywila. Mhasibu mwenzangu wa halmashauri, usuluhishi wa benki hauhitaji mwanafunzi aingie kwenye MUSE. Chapisha taarifa ya benki ya mwezi mmoja uliopita na daftari la fedha la mwezi huo huo, mpe kalamu nyekundu, mwambie akuletee tofauti kesho. Mimi nilijifunza hivyo. Anayetaka kufundisha hupata njia, hata katikati ya kufunga hesabu.

9. Hesabu za Mwisho

Mwalimu, nakubali kwamba hilo linawezekana, na Julai ijayo nitalijaribu kwa wawili nitakaowapokea. Lakini nawe kubali kwamba msimu huu nililetewa 19 katika chumba chenye viti 7, na hakuna barua hata moja kutoka chuoni iliyonieleza wanatakiwa wajue nini watakapoondoka. Barua zote zilisema "apatiwe ushirikiano".

10. Msafiri wa Arava

Naomba kuongeza upande ambao haujaguswa. Mimi ni wa kilimo na nilikwenda mafunzo kazini Israel kwa miezi 11, baada ya kumaliza chuo Morogoro. Huko hakuna kupanga mafaili. Saa kumi na moja alfajiri uko shambani, unajifunza umwagiliaji wa matone kwa kufunga mabomba mwenyewe, na unaona pilipili hoho ikipangwa madaraja hadi kwenye kasha la kusafirishwa nje. Wenzangu kadhaa wa SUGECO, ule ushirika wa wajasiriamali wahitimu wa SUA (Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo), wamepitia mafunzo ya namna hiyo Marekani pia. Ukirudi unajua saa ya kazi ina thamani gani.

11. Mama Wawili wa Usa River

Kijana wangu wa Arava, nafurahi kwamba ulirudi salama. Tusisahau kwamba Oktoba 7, 2023, vijana wawili wa Kitanzania waliokwenda huko kwa mafunzo hayo hayo ya kilimo waliuawa. Walikuwa na umri wa wanangu. Mzazi akisikia mafunzo ya nje sasa anauliza kwanza usalama, kisha bima, kisha nani atapokea simu usiku. Najua mliokwenda mlifaidika, lakini naumia kuona mtoto analazimika kuvuka bahari ili akafunge bomba la matone, wakati bomba hilo hilo limefungwa kwenye mashamba ya maua na mbogamboga hapa kwetu.

12. Msafiri wa Arava

Mama yangu, niliwafahamu wenzao waliokaa nao. Sina neno la kuongeza juu ya hilo zaidi ya kuwaombea. Kuhusu mashamba ya hapa, niliomba matatu kabla sijasafiri. Mawili hayakujibu, la tatu liliniambia halina bajeti ya posho.

13. Duka la Pembejeo Songea

Heshima kwenu. Nadhani mnawaonea vyuo na waajiri. Mimi nilisoma cheti cha kilimo katika mojawapo ya vyuo vya MATI, vile vya Wizara ya Kilimo, na fildi yangu ilikuwa nzuri, nilipanda, nikapalilia, nikahudumia shamba darasa mpaka mwisho, na wakati viwavijeshi vamizi walipoingia mwaka 2017 nilikuwa nawatambua kwa alama ya kichwani. Kisha nikafungua duka la pembejeo, na mwaka wa kwanza nikala mtaji wote. Nilikuwa nauza kwa mkopo mpaka mavuno bila daftari la wadaiwa, nikidhani fedha iliyo mfukoni ni faida. Aliyenisimamisha ni mdogo wangu wa kike, aliyesoma mchepuo wa ECA (uchumi, biashara na uhasibu). Alininunulia daftari tatu, moja ya mauzo, moja ya wadaiwa, moja ya mali iliyomo dukani, na akanikataza kugusa droo bila kuandika.

Kwa hiyo fildi inaweza kuwa kamili kabisa na bado mtu akaanguka, kwa kuwa mtaala ulimkata nusu. Chuo cha Ushirika pale Moshi kina shahada inayounganisha usimamizi wa ushirika na uhasibu. Kwa nini ngazi ya cheti na stashahada za kilimo hazina hesabu za kutosha?

14. Mhitimu wa Juzi

Mkuu wa Songea, hesabu zipo. Tulisoma uchumi wa kilimo na usimamizi wa shamba, na wa stashahada nao wana somo la ujasiriamali. Tulilisoma kwa ajili ya mtihani, kama tulivyosoma mengine.

15. Majaruba ya Mbarali

Hapo ndipo ninaporudi kwenye majira, na najua Mama Wawili atasema kila uzi lazima niupitishe kwenye majaruba ya mpunga. Wiki 8 haziwezi kumwonyesha mtu zao moja kutoka kitaluni hadi sokoni. Mpunga unataka miezi minne au zaidi. Mwanafunzi anaona kipande, anaandika ripoti ya kipande, na gharama hazionekani kwa sababu gharama ni hadithi ya msimu mzima. Wagawanye fildi, wiki 2 wakati wa kusia, wiki 2 wakati wa kupalilia, wiki 4 wakati wa mavuno na mauzo, uone kama mtu atasahau daftari la matumizi.

16. Mama Wawili wa Usa River

Safari hii majaruba yako yamejibu swali. Ila mwambie Mhitimu wa Juzi nauli ya safari tatu italipwa na nani.

17. Mkaguzi wa Nje

Kwa wanaosoma uhasibu, nikumbushe kwamba kufaulu mitihani ya NBAA, bodi ya wahasibu na wakaguzi, ya Mei na Novemba pekee hakumfanyi mtu asajiliwe kuwa CPA, yaani mhasibu aliyeidhinishwa. Bodi inataka pia uzoefu wa kazi wa miaka 3. Naona wengi wanaichukulia fildi kama mwanzo na mwisho wa vitendo.

18. Mzazi wa Kihonda

Nawashukuru wote. Nimewasomea vijana michango hii kwa sauti sebuleni, na pale kwenye kilo 180 wote wawili waliweka simu chini. Binti ameniuliza kama chama cha msingi kinaweza kumpokea sasa hivi kwa wiki 3 kabla chuo hakijafunguliwa, na mpwa anataka kwenda naye. Nauli nitalipa. Binti Tandahimba, je, hilo linawezekana?

19. Mkufunzi wa Stashahada

Mzee wangu, linawezekana, lakini ujue mapema kwamba halitaingia kwenye alama za fildi. Daftari zao zimeshafungwa na kusainiwa.

20. Binti Tandahimba

Baba, waje. Minada inaanza mwezi huu na mizigo imeshaanza kuingia. Nimeongea na mwenyekiti, anataka barua ya chuo au ya mtendaji wa mtaa wenu na nakala za vitambulisho. Malazi watapata kwa mama yangu. Binti atakaa na mimi kwenye stakabadhi, na mpwa atakaa mzanini na kipima unyevu. Kila jioni watabadilishana daftari, kila mmoja akague ya mwenzake kabla ya kula. Wabebe viatu vya kufunika vidole na kitambaa cha pua, ghala lina vumbi.